Jinzi Zilizopita Karashani

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Kharumwa itanijua! Mama Blessing, mlezi wa kwaya ya vijana, anataka jinzi kumi na mbili zilizopauka kimtindo, za kuimbia Jumapili. Alhamisi atachagua sampuli: yangu au ya Dorah, fundi cherehani mwenzangu wa jirani anayetarizi maua mpaka mifuko ya nyuma. Kwaya au bustani? Mke wangu kasema nikiikosa kazi hii, tunarudi kwao nikachunge ng'ombe wa baba mkwe. Mimi! Na fimbo! Ukweni!

Jumanne, 5 Agosti
Nimesugua goti moja kwa msasa tangu asubuhi. Jinzi haijapauka, vidole vimepauka. Dorah kaniuliza kama napiga msasa mlango. Mchokozi! Lakini nimesikia viwandani huzungusha jinzi pamoja na mawe. Mawe! Boaz wa machimboni si ana karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu? Akili ni nywele, na zangu ni nyingi.

Jumatano, 6 Agosti
Boaz kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia awashe, nikaenda kula chapati kwa furaha. Kurudi, jamani! Zile golori za chuma zinazozunguka ndani ya karasha husaga jiwe hadi likawa unga, sembuse suruali? Nimekabidhiwa zipu na matambara. Wachimbaji wameacha kazi kuja kucheka.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempelekea Mama Blessing matambara hivyo hivyo, nikamwambia ndio mtindo wa Geita mjini. Kauliza vijana watavaa nini sasa. Aibu! Dorah kayanyakua, kayashonea kwenye magoti ya jinzi yake. Viraka laini, vimepauka vizuri ajabu! Mama Blessing kapiga vigelegele, kazi kampa Dorah. Nikaanza kuwaona ng'ombe. Ndipo Dorah akasema anahitaji msaidizi wa kusugua na kuchana, na kuharibu jinzi hakuna anayenishinda. Wabeja, asante sana! Nimefurahi hadi nikamwamkia shikamoo, na ni mdogo wangu.

Jumapili, 10 Agosti
Wameimba, wamependeza! Mke wangu kacheza mpaka kilemba kikadondoka. Kasema hatuhami. Sasa hata kwaya ya kina mama inazitaka! Dorah kanipa jinzi sita za kuanzia, kanisihi nishike msasa tu, nisibuni chochote. Nimeapa.
Nyuma ya kanisa, wanakojenga nyumba ya katekista, kuna mashine ya kuchanganya zege. Nimeichungulia. Tumbo pana, na haina golori hata moja! Fundi wake anaiwasha kesho saa moja asubuhi. Nimeshamwachia zote sita.