Themanini na Nne kwa Kila Mgonjwa

Jumatatu, 4 Machi
Tumefika Wamaza kwa pikipiki, mimi na Chimène, kumaliza mafunzo ya uuguzi. Vumbi mpaka kwenye meno! Papa Bulaimu, mkubwa wa kituo cha afya, ametuambia waziwazi: Ijumaa atatupima. Atakayefaulu, diploma. Atakayeanguka, atarudia mwaka. Namhurumia Chimène. Mama yangu kule Kasongo ameshawaambia majirani wote kwamba mimi ni munganga, daktari kamili. Nirudie mwaka? Nitapita wapi mimi?

Jumanne, 5 Machi
Leo tumehesabu mapigo ya moyo, kwenye mkono. Chimène anaweka vidole viwili, macho kwenye saa, midomo inacheza. Halafu anasema hana uhakika, anahesabu upya. Mbele ya mgonjwa! Mimi naweka kidole gumba, nusu dakika tu, natangaza: themanini na nne. Mtoto mchanga, themanini na nne. Mzee mwenye homa, themanini na nne. Wamaza kuna afya! Mama Albertine, wa malaria, akaniambia, "Aksanti sana, munganga." Nimetembea na neno hilo siku nzima.

Jumatano, 6 Machi
Mpango: kumshinda Chimène kwa mwendo. Wagonjwa wangu kumi na wanane, wa kwake saba. Ananiambia eti haraka haraka haina baraka. Wivu!
Mchana mbuzi amekula daftari langu. Nimemfukuza mpaka sokoni. Niliporudi natweta, nikapima watatu: mia na thelathini, wote! Nikamkimbilia Papa Bulaimu, nikamwambia ugonjwa mpya umeingia. Akaniambia nimwonyeshe ninavyopima, akatazama kidole changu gumba, akaniambia nikae, ninywe maji. Nikapima tena. Themanini na nne! Maji nimekunywa mimi, wamepona wao. Kipaji hicho.

Ijumaa, 8 Machi
Mtihani. Mgonjwa amefunikwa shuka gubigubi, mkono tu uko nje, umevaa glavu. Chimène akatangulia. Akatoka mbio, anasema amepima mara tatu, hasikii kitu, Papa aje haraka. Maskini. Nikaingia. Nikafumba macho kama mtaalamu. Mkono baridi kidogo, homa imeshuka. Nikatangaza: tisini, anaendelea vizuri, apewe uji.
Papa Bulaimu akafunua shuka. Mto, na mkono wa mpira wa kujifunzia kuchoma sindano.
"Musafiri, mutoto wangu," akasema, "kidole gumba iko na mapigo yake. Wiki nzima ulikuwa unajipima weye mwenyewe."
Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi, 9 Machi
Chimène amefaulu, amerudi Kasongo. Ameniachia saa yake. Papa Bulaimu amenihurumia: nibaki wiki mbili, nijifunze, anipime tena. Basi roho imetulia! Mama nimemwandikia kwamba Wamaza wamekataa kuniachilia. Mama Albertine ameleta karanga, tamu sana.
Na kosa langu nimeliona. Kidole gumba kimoja hakitoshi. Nitaweka vyote viwili, halafu nagawanya kwa mbili.