Ombi la Kupunguziwa Adui Mmoja

Ndugu Katibu wa Tawi,

Pole na kazi ya kuliokoa taifa. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Barua hii nimeianza mara tatu tangu Jumapili, na mara mbili mtoto ameila. Sasa amelala mgongoni kwangu, kwa hiyo mwandiko ukiyumba ujue ni yeye anajigeuza.

Sisi si watu wasio na shukrani. Kiwanda cha magodoro kilipofungwa, vyama vingine vilikuja kutusomea takwimu. Ninyi mlikuja na unga. Mkamkalisha mume wangu kwenye kiti, mkamuuliza, "Kaka, unaendeleaje?" Miezi kumi na minne hakuna aliyemuuliza hivyo, hata mimi, maana jibu nilikuwa nalijua. Akalia. Ndipo mkatuambia waliotuponza ni watu wa ng'ambo ya reli. Na sisi wajinga, miaka yote hiyo tulikuwa tunawasalimia!

Hata hivyo, nina malalamiko machache.

1. Shati la chama linachuja rangi. Nimelifua mara moja tu, na sasa nepi zote za mtoto ni za chama. Mwenyewe bado hajaamua kujiunga.

2. Mlisema mwokaji wa ng'ambo akiondoka, mkate utashuka bei. Ameondoka, baada ya vijana wenu kumsaidia kuvunja dirisha lake. Bei imeshuka kabisa, maana hakuna mkate wa kuulizia. Fundi viatu naye ameondoka, na kiatu changu cha kushoto. Zile kazi walizotunyang'anya hazijatufikia. Huenda zimekwama njiani.

3. Maadui wa mtaa wetu wamekwisha. Mlikuwa na pupa. Mngewatumia wawili wawili kwa mwezi, wangetufikisha kwenye uchaguzi. Sasa mmeanza kuchimbua asili ya bibi za watu, nani alizaliwa upande gani wa reli.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mume wangu mlimpa kazi ya kuanzisha makofi mkutanoni. Anaifanya kwa moyo wote; hasubiri hata sentensi iishe. Jumapili mlisoma orodha ya watakaohamishwa Ijumaa. Jina la saba akalipigia makofi, ukumbi mzima ukamfuata. Jina la saba ni la mama yake mzazi. Nilimwona anatafuta pa kuiweka mikono yake.

Huyo mama mkwe ndiye anayenishikia mtoto nikienda kufua mashuka ya hospitali. Magoti yake mabovu. Hawezi kuliangusha taifa, hata ndoo ya maji haiinui. Kosa lake ni kuzaliwa na mama aliyezaliwa hatua arobaini kupita reli. Kwa heshima zote, naomba mumfute kwenye orodha. Kama hesabu lazima itimie, leteni adui wa mtaa mwingine, tutamzomea vizuri tu. Maana kwa hesabu yenu hii, mume wangu naye ni adui, na huyu wa mgongoni pia. Siku jina la mpiga makofi likisomwa, makofi ataanzisha nani?

Wasalimie mkeo, vijana wa kipaza sauti, dereva wa gari la unga, na yule anayeandika orodha. Mwambie mwandiko wake unasomeka.

Ni mimi, mwanachama mwenye kadi na mgongo unaouma,
Mke wa Mpiga Makofi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mjumbe wenu amekuja kusema mume wangu amepata kazi ya mshahara kwenye ghala la chama, kuanzia Ijumaa. Mama mkwe alimsikia kabla yangu. Ameshafunga mzigo wake. "Ikataeni hiyo kazi muone nitakavyowachapa," amesema. "Mjukuu wangu atakula nini, barua yako?" Mwanawe anapiga pasi shati la chama. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Kura zetu mbili ni zenu. Tunachohitaji bado ni hiki: unga kilo kumi, sabuni vipande vinne, dawa ya kikohozi ya mtoto, chupa moja, na mtu wa kumshika, kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni.