Gari Lisilotoka Ghalani

Gaudence aligundua kwamba makarani wa Dodoma wana njaa ya magari siku alipowaona wawili wakitaka kukunjana mashati kwa ajili ya gari jekundu lililokuwa ndani ya televisheni. Alikuwa na chumba cha gemu pale Majengo, televisheni moja na benchi moja, na ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, zama za soko huria, kila mtu anauza alichonacho. Akajiuliza kwa nini yeye auze zamu za kucheza tu, wakati gari lenyewe lipo.

Akaanza kuliuza. Ukilipa ni lako: linahifadhiwa kwenye kadi ndogo nyeusi, na asiyelinunua haliendeshi hata akilia. Wa kwanza kulinunua alikuwa Yotham, karani wa masjala, ambaye kazini alikwenda kwa miguu. Wa pili alinunua gari lilelile, na wa tatu, mpaka wakafika tisa, kila mmoja akiamini kwamba lake limelala mle ndani likimsubiri. Walipouliza mbona yanafanana, Gaudence aliwajibu kwamba yametoka kiwanda kimoja. Na kila alipochomeka kadi alisema, kwa adabu ya dereva wa waziri, "Ngoja nikutolee lako, bosi."

Shida ililetwa na haraka. Bunge lilikaribia kuanza, mji ungejaa wageni, na Gaudence alitaka televisheni ya pili kabla hawajafika. Mwenye duka la televisheni alikubali kumwekea moja hadi Jumamosi tu. Basi akashusha bei ya gari kwa nusu, avute wanafunzi. Asubuhi yake Yotham akasimama mlangoni, wenzake wote nyuma.

"Sisi tulilipa bei nzima," alisema Yotham. "Turudishie nusu."

"Kaka, ukinunua nyanya asubuhi, jioni zikashuka bei, unamrudia muuzaji?"

"Nyanya nimeshakula. Gari liko humuhumu."

Mabishano yakamfikia Mama Paskazia, mwenye nyumba, aliyekuwa akiuza uwele na mtama chumba cha pili. Alikuja akijipangusa vumbi la nafaka, akaitikia shikamoo zao, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sisi wa nafaka tuna desturi yetu," alisema. "Gunia ulilonunua, kama halijatoka ghalani, linafuata bei ya siku. Bei ikishuka, unarudishiwa. Na magari haya hayajatoka."

Gaudence alijifanya kuumia. Moyoni alicheka, maana alikwishaona upande wa pili wa desturi ile.

"Na bei ikipanda, mama?"

"Ikipanda, mnunuzi anaongeza."

"Ndugu zangu, mmesikia? Mnakubali?"

Wakakubali kwa vigelegele, kama watu wanavyokubali sheria yoyote inayowapa fedha leo. Akawarudishia nusu, akiziachia noti moja moja kwa uigizaji mzuri kabisa.

Siku iliyofuata bei ya gari jekundu ikapanda mara tatu. Asiyeongeza, akatangaza, gari lake atapewa mwingine. Makarani walinuna, wakamsema chinichini, halafu wakalipa mmoja baada ya mwingine, maana hakuna aliyekuwa tayari kurudi kuwa mtu asiye na gari. Jioni Gaudence alikuwa na bei ya televisheni nzima mfukoni, na makarani wote tisa walikuwa wamebanana kwenye benchi wakisubiri zamu. Ndipo Mama Paskazia alipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata ushuru wangu wa ghala. Mzigo ukilala unalipiwa kila usiku, na anayelipa ni muuzaji."

"Mama, chumba hiki si nakilipia kodi?"

"Kodi ni ya wewe kukaa. Mizigo ni habari nyingine. Desturi si uliikubali mwenyewe, mbele za watu? Haya, magari mangapi?"

Gaudence akafungua kinywa. Jibu la kweli lilikuwa "moja", na lingemwokoa, kwani ushuru wa gari moja usingefika mbali. Lakini makarani walikuwa wamemgeukia, kila mmoja akisubiri lake litajwe. Akaogopa, akaogopa kwelikweli.

"Tisa, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Paskazia akapiga hesabu tangu gari la kwanza, akanyoosha kiganja, na televisheni ya pili ikaishia kwenye pindo la khanga yake. Yotham akainuka, akamshika Gaudence mkono kwa heshima. Akamwambia kwamba nusura amdhanie tapeli, kumbe ni mtu mkweli. Mwingine angeyapunguza magari ya watu ili akwepe ushuru.