Mwanamke na Karamu Yake

Jumatatu, 17 Februari

Nimeamka nimechoka. Sijafanya kazi yoyote, ila nimechoka.

Dada Hilda amenipa habari wakati wa chai, kwa upole, na upole wa Hilda ndio unaotisha. Chumba ninacholala hapa Makoko kinahitajika. Mume wake, shemeji Boniphace, anataka kufugia vifaranga. Mpango wangu huu mpya nao ukifa, nirudi Mugeta nikamsaidie mama na ng'ombe. Mimi! Mtu wa mipango, nikaswage ng'ombe!

Shemeji hakungoja jibu langu. Alikuwa anapima dirisha langu kwa futikamba.

Ila mpango ninao, na si kama ule wa dagaa wa Mugango. (Mvua ilinyesha, wakaoza. Mvua nayo ni kosa langu?) Mwalimu Sabina, mkuu wa shule ya wasichana kule Butiama, anataka mikoba iliyodariziwa kwa mkono, ya kuwaenzi wanawake waandishi. Ni zawadi kwa wasichana walioandika insha bora, itolewe Siku ya Wanawake. Alinitajia waandishi wanaopendwa shuleni kwake. Kila jina niliitikia kama la shangazi yangu. Sijasoma hata mmoja.

Maneno ya kwenye mkoba nimeyatunga mwenyewe, nikiwa kitandani: MWANAMKE NA KARAMU YAKE. Mafupi. Mazito. Maana mwandishi bila karamu ni nani?

Alhamisi, 20 Februari

Nimempata Matrida, jirani yetu, aliyedarizi vitambaa vya makochi vya nusu ya Makoko. Mkono wake hauna mpinzani. Kasoro yake ni maswali. Aliuliza hao waandishi wana sura gani. Nikamwambia mwandishi ni mtu wa miwani, amtazame Hilda. Aliuliza mkononi washike nini. Karamu, nikasema, kwani maneno yanasemaje? Akauliza karamu ya namna gani. Ya kawaida tu, nikamjibu, bora ionekane imejaa, isionekane imeisha.

Alinitazama kidogo, akasema sawa kaka.

Nikamwandikia herufi kwa chaki juu ya kitambaa, nikaenda ziwani kupumzika. Msimamizi mzuri hamkalii fundi shingoni.

Jumapili, 2 Machi

Matrida ameleta mikoba baada ya misa. Nimekaa naitazama. Kila mkoba una mwanamke. Kila mwanamke ni Hilda. Kila Hilda ameshika sinia la pilau, na juu ya pilau kuna paja la kuku.

Nikamuuliza karamu iko wapi. Akanionyesha pilau. Nikasema karamu, mama, karamu ya kuandikia! Matrida akasema kwao zote ni karamu, ya kuandikia na ya kula, atajuaje ipi?

Hapo ndipo shemeji Boniphace alipoingia, bila kualikwa. Akatueleza, polepole, kwa raha zake zote, kwamba ya kuandikia ni kalamu, kwa la, na ya kula ni karamu, kwa ra. Kisha akaiangalia ile ra, mwandiko wangu mtupu.

Na kweli kwetu tunasemaga hivyo! Baba alisema karamu. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alisema karamu, na fimbo mkononi. Kosa ni la Mugeta nzima, lakini anayefukuzwa ni mimi.

Hilda alipita, akajiona na lile paja. Akavua miwani, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi

Butiama. Nilijipa moyo kwamba mwalimu hataona. Alisoma kwa sauti. Akaniuliza kama najua jana ilikuwa siku gani. Jumatano ya Majivu! Mkatoliki mzima, nimepeleka pilau shuleni siku ya pili ya Kwaresma.

Nikasema ni fumbo, elimu ni chakula. Akasema fumbo zuri, ila wasichana wake wameshinda kwa kuandika, si kwa kula. Lakini sura amezipenda. Nikirekebisha, nikaleta Jumamosi asubuhi, ataichukua yote.

Narudi, simu inalia. Mama mmoja wa Bunda, Nyamhanga, mkuu wa kikundi cha wapishi wa harusi. Ameona picha ya mikoba kwenye simu ya Matrida. Anaitaka yote jinsi ilivyo, na pilau lake. Baada ya Pasaka harusi ni nyingi, na mpishi anahitaji pa kuwekea chakula cha kwenda nacho nyumbani.

Nikamwambia asubiri. Mtu aliyekwisha kushughulika na waandishi hawezi kuishia kwa wapishi.

Ijumaa, 7 Machi

Matrida amekataa kufumua. Amesema pilau lile limemtoa jasho, na siku moja haitoshi. Nimefumua mwenyewe, kwa wembe. Wembe hauchagui uzi na kitambaa. Hakuna pilau tena, hakuna ra. Kila Hilda amekinga mkono mtupu kama mtu anayeomba.

Nikachora la kwa wino. Kwa kalamu! Sasa naiandika sawasawa.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua, kuanzia Musoma hadi Butiama. Wino umeshuka kutoka kwenye maneno hadi kwenye nyuso. Kina Hilda wote wameota ndevu.

Mwalimu Sabina hakunigombeza. Aliwapa wasichana madaftari, nami akanipa chai. Nilitamani anigombeze. Nimeona aibu mpaka chai ikapoa.

Nikampigia Nyamhanga. Akashukuru sana. Wameshaelewana na Matrida, atawadarizia mingine.

Jumapili, 9 Machi

Hilda ametoa uamuzi. Chumba si changu. Si cha vifaranga pia. Ni cha Matrida, akae adarizi, maana kazi ya Bunda ni kubwa. Shemeji Boniphace alitoka nje, akakaa kwenye ndoo, futikamba mfukoni. Nikakaa karibu naye. Kwa mara ya kwanza nilimwona ndugu.

Hilda mwenyewe ameagiza mkoba wake. Alitaka paja liwe kubwa zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Mugeta. Ng'ombe wananitazama kama shemeji alivyokuwa ananitazama. Mama amefurahi kuniona, halafu amenikabidhi fimbo. Miguu inauma. Nimechoka kwa haki sasa.

Ila ushirika wa pamba unachagua viongozi hivi karibuni, na wagombea wote watataka fulana za kugawa. Hilda anasema sijawahi kujifunza kitu maishani. Nimejifunza! Ile ra ndiyo iliyoniponza, sasa siitaki hata kuiona. Nimekwisha kumpigia fundi wa Bunda, nikamtajia herufi moja moja, na yeye akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia aandike fulana zote, kifuani, herufi kubwa: KULA YAKO NI SIRI YAKO.