Mwaka Huu Aikomboa Rimoti

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama kwa kukosa viti! Zimeni redio, acheni sufuria ziungue jikoni zikitaka, maana habari niliyonayo haijapata kusimuliwa tangu majemadari waanze kudanganya kuhusu vita vyao. Nitawasimulia namna fundi mmoja wa makochi, akiwa na daftari la kurasa arobaini na kalamu ya kuazima, alivyoingia vitani kuikomboa rimoti ya televisheni kutoka mkobani mwa mkewe. Ewe ulimi wangu, nakusihi, usinikwame katikati.

Shujaa wetu aliitwa Mwaka Huu, mpigilia misumari, mvalisha viti uchi, mvumilivu wa misimu kumi na mmoja. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa mzima, kwa kuwa kila mwaka, ligi ikikaribia kuanza, huinua nyundo na kutangaza, "Mwaka huu ndio wetu!" Na kila mwaka timu yake, Jeshi la Zambarau, jeshi tukufu lililowahi kutwaa kombe enzi ambazo picha zilikuwa hazina rangi, humaliza ligi likiwa la tatu kutoka chini na kumshukuru Mungu kwa hilo.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la sita, malkia wa kalamu nyekundu, mwanamke ambaye kwa jicho moja tu aliweza kunyamazisha watoto sitini na wazazi wao. Msimu uliopita ulipokwisha kwa penati iliyopaa hadi barabarani, Mwaka Huu alikaa siku nne bila kusema na mtu. Siku ya tano mwalimu akaikunja rimoti kwenye kitambaa, akaitia mkobani, akatoa hukumu.

"Baba watoto, mimi nimechoka. Wageni wangu umewapokea kama wamekuja matangani. Mtoto kakuletea hesabu umsaidie, unamwambia akamuulize kocha. Haya sasa. Timu yako ina mechi tatu za kirafiki kabla ya ligi. Nenda kazitazame, kila mechi uniandikie ukurasa mmoja. Nipe sababu moja, moja tu, ya sisi kuishi na timu hii msimu mwingine mzima. Ukipata tano kwa kumi, rimoti yako. Usipopata, Jumamosi zote unapaka rangi nyumba."

Mwaka Huu akasimama, mkono kifuani. "Ewe mama watoto, taa ya sebule hii! Umemtwisha simba mzigo wa paka. Si sababu moja, nitakuletea mia, na kalamu yako itakauka kwa kunipa vema!"

"Ukurasa mmoja," akasema mwalimu. "Na mwandiko usomeke."

Basi Jeshi la Zambarau likashuka uwanjani kwa vita vya kwanza, dhidi ya timu ya daraja la tatu iliyokuja na jezi za namba zinazojirudia. Zambarau wakafungwa nne bila. Mshambuliaji mpya, aliyepokelewa kwa matarumbeta wiki nzima, alianguka mara sita, na mara nne kati ya hizo hapakuwa na mtu karibu naye. Kipa aliegemea mwamba akipiga soga na jamaa zake walio nyuma ya goli. Lakini shujaa wetu aliona mengine, maana jicho la shabiki hujua kazi yake, na usiku haujaingia akawa ameandika:

"Timu imeonesha utulivu mkubwa. Hata baada ya bao la nne hakuna mchezaji aliyekimbia. Mshambuliaji mpya anatumia pande zote mbili, kulia na kushoto, kuanguka. Kipa ana mawasiliano mazuri na mashabiki."

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Pembeni akaandika kwa wino mwekundu: *Hujajibu swali. 1/10.*

Vita vya pili vilikuwa dhidi ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, waliotoka zamu moja kwa moja, vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Dakika ya ishirini msimamizi wao akamwita mmoja arudi mashineni, wakabaki kumi. Zambarau, wakiwa kumi na mmoja, wameoga na wamekula, wakashindwa kuwafunga. Bila kwa bila. Kocha aliwapigia makofi wachezaji wake, na makofi yale yalisikika vizuri kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyepiga.

Njiani shujaa akapita kwa kinyozi, shabiki mwenzake, ambaye siku hizi haendi uwanjani kwa amri ya daktari wa presha.

"Andika tumeshinda tatu bila," kinyozi akamshauri, wembe mkononi. "Mwalimu na mpira wapi na wapi? Weka na majina ya wafungaji, hatahoji."

Naam, hapo ndipo mwenye nyundo alipoteleza. Akaandika tatu bila, akaweka na dakika za mabao, na bao la pili akalipamba kwa kisigino. Kesho yake jioni mwalimu akamwita mezani.

"Kipa wa saruji ni mzazi wa mwanafunzi wangu," akasema kwa upole wa kutisha. "Asubuhi alileta udhuru wa mtoto. Anasema kipindi cha pili alisinzia, amelala zake pale golini, na bado hamkumfunga. Hicho kisigino kilimpita wapi?"

*0/10. Umedanganya. Rudia.* Kalamu ilikandamizwa mpaka ikatoboa ukurasa wa pili, na shujaa akalala akiangalia ukuta.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana vita vya tatu vilikuwa dhidi ya walimu. Ndiyo, walimu wa shule ileile anakofundisha mkewe, wakiongozwa na mwalimu mkuu mwenye kitambi na kiungo mshambuliaji aliyefundisha hesabu miaka ishirini na sita, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Dakika ya sabini yule wa hesabu akapokea mpira, akasimama, akafikiri, kama mtu anayetafuta chaki, kisha akapiga. Wavuni! Mabeki watatu wa Zambarau walibaki wakiulizana ilikuwa zamu ya nani. Moja bila, na mwisho wa mchezo wachezaji wetu wa kulipwa wakapanga foleni kupiga naye picha.

Mwaka Huu alirudi nyumbani kwa miguu. Hapakuwa na la kupamba wala la kuficha, kwani mwalimu alikuwa jikoni akiimba, na wimbo ulikuwa na jina la mwalimu wa hesabu ndani yake. Akaketi kwenye kochi la mteja lisilo na sponji. Alifikiria Jumamosi zote zile, yeye na ndoo ya rangi, na kelele za uwanja zikitoka madirishani kwa majirani. Moyo ulimuuma kwelikweli. Akaandika, safari hii polepole:

"Sababu sina. Nimetafuta mechi tatu, hakuna. Ni wabovu, na mwaka huu watakuwa wabovu zaidi. Hawanijui na siwadai kitu. Ila wakitoka mle mlangoni na zile jezi, mimi roho yangu inasimama, kila mara. Hilo sijui kulieleza. Wakifungwa nitanuna, lakini nitanuna nje, na wageni wako nitawapokea."

Mwalimu akaketi. Akasoma mara mbili. Kalamu ilielea juu ya karatasi muda ambao, kwa hesabu za vita, ungetosha kuuteka mji. Kisha ikashuka, ikaandika tano, na mbele yake ikachora tiki ndogo.

"Ungeandika hivi tangu mwanzo," akasema, "tusingepoteza wino."

Akafungua mkoba, akaikunjua rimoti. Pigeni vigelegele, enyi vizazi! Shujaa akaipokea kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye televisheni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Betri zimo kwenye saa ya ukutani," akasema mwalimu, akirudi jikoni. "Jumamosi utazitoa. Dakika tisini, kisha unazirudisha."

Na iandikwe basi katika tarehe za mataifa kwamba wako wafalme waliohamisha mito na wako waliobomoa ngome, lakini ni Mwaka Huu, fundi makochi, aliyepanda juu ya stuli Jumamosi saa kumi kamili na kuusimamisha wakati kwa mkono wake. Dakika ya nne Zambarau wakafungwa. Mwalimu, aliyekuja kuketi kando yake na rundo la madaftari, hakuinua macho.

"Zimebaki dakika ngapi?"

Shujaa akatazama ukutani, mishale ikiwa palepale kwenye saa kumi.

"Zote," akasema, na uso wake uling'aa kwa furaha.