Mchanga wa Kwaluguru

Jumatatu, 8 Julai

Nimeanza kazi. Mtafiti msaidizi wa chuo kikuu, wa muda. Tumefikia nyumba ya wageni Kabuku. Tunapima kama mradi wa kuzuia moto majumbani umesaidia: mwaka jana watu walifundishwa kuweka ndoo ya mchanga karibu na mafiga, na sasa sisi tunahesabu ndoo.

Tuko wawili, mimi na Lukasi, mtu anayepiga pasi hata soksi. Nafasi ya mkataba mrefu ni moja. Asubuhi bosi wetu, Dk. Rukaya, alieleza mpango wote. Nilichelewa. Nilikuwa kwa fundi cherehani, ananishonea neno MTAFITI mgongoni mwa kizibao. Nilikuta mwisho wa maelezo: Lukasi abaki Kabuku, Awadhi aende Kwaluguru. Nikaona yanatosha.

Jumanne, 9 Julai

Kwaluguru. Mzee Mbwana, mwenyekiti wa kitongoji, amenipokea vizuri na kunizungusha. Nimeingia majiko kumi na tano. Mchanga hakuna hata kiganja. Bibi Chausiku ana ndoo karibu na moto, nikafurahi, kumbe ndani bata anaatamia.

Jioni Lukasi akasema Kabuku amekuta mchanga katika zaidi ya nusu ya nyumba. Akaomba radhi kwa kujisifu, kisha akarudia hesabu yote. Mimi nina sifuri. Nani atampa mkataba mtu wa sifuri?

Nimekula ugali na mlenda, nimefikiri, nimelala vizuri. Mpango ninao.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia Mzee Mbwana kwamba hesabu rasmi ni Ijumaa, leo ni maandalizi. Hakuuliza. Kizibao kinasaidia.

Tumesomba mchanga korongoni kwa toroli tangu asubuhi. Ndoo mbovu, madebe, makarai, vyungu vyenye nyufa, vyote vimepata kazi. Upande wa wafugaji, Nasinkoi, mama mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alitaka kujua moto unazimwaje kwa udongo. Nikamwonyesha kwenye mafiga yake mwenyewe. Moto ulizimika papo hapo.

"Na chai umeizima," akasema.

Kinamama walicheka hadi wakakaa chini. Lakini walielewa, nikaulizwa maswali ya maana: mafuta yakishika moto tumwage maji? Nikasema hapana, maji yataurusha moto juu, mwaga mchanga. Kufikia adhuhuri majiko arobaini yalikuwa tayari. Mgongo unauma, moyo mweupe.

Ijumaa, 12 Julai

Nimehesabu. Arobaini kati ya arobaini. Nikaona mtu atatilia shaka, nikafuta mbili, iwe thelathini na nane. Moja ya nyumba nilizofuta ni ya Bibi Chausiku. Aliona kalamu inavyokwenda, akataka kujua kosa lake. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akanijibu Kizigua kirefu ambacho sitakiandika hapa.

Jumamosi, 13 Julai

Dk. Rukaya amesoma fomu zangu mara mbili. Akauliza watu wa Kwaluguru walifundishwa na nani. Nikasema na mradi, bila shaka.

"Awadhi," akasema taratibu, "Kwaluguru mradi haujafika. Ndiyo maana tuliichagua. Tulitaka kulinganisha kijiji chenye mafunzo na kijiji kisicho nayo."

Kumbe sifuri ndiyo iliyotakiwa. Nilikuwa nayo mkononi Jumanne. Lukasi alikohoa, akatoka nje kwa heshima. Nikaeleza yote, hata chai. Dk. Rukaya aliweka kichwa mezani. Ameniambia nisiguse fomu tena.

Jumapili, 14 Julai

Mzee Mbwana alipiga simu asubuhi. Jana alasiri Bibi Chausiku alikuwa anakaanga maandazi, mafuta yakashika moto, moto ukaruka kwenye paa la nyasi. Nyuma ya ukuta alilala mjukuu wake wa miezi minne. Nasinkoi alikuwa ameleta maziwa. Alimwaga karai la mchanga kwenye sufuria, majirani wakaja na yao, wakavuta nyasi chini. Imeungua pembe moja ya paa, na Bibi kidogo mkononi.

Tulikwenda na Dk. Rukaya. Akawaamkia wenyeji, akaonyeshwa sufuria, akaonyeshwa mtoto. Akauliza kwa upole kama kuna mradi wowote uliowahi kupita hapo. Bibi Chausiku akanishika kizibao.

"Mradi ni huyu," akasema. "Ila mwambie anihesabu."

Nilimbeba yule mtoto kidogo. Mzito, ana hasira. Njiani, karibu na Kabuku, Dk. Rukaya akasema kwamba kama mtafiti nimeharibu kazi yake, na kama jirani hajui aniambie nini.

Jumatano, 17 Julai

Mkataba amepewa Lukasi. Nimempa mkono, anastahili, na soksi zake. Mimi nimebakizwa miezi miwili kama mwelimishaji, kazi ya kufundisha tu. Naipenda kuliko fomu. Leo Kabuku nimefundisha hadi sauti imekauka.

Kwa kuwa Kwaluguru haifai tena kulinganisha, kimetafutwa kijiji kingine, karibu na Hale. Lukasi ataanza kuhesabu Jumatatu.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekwenda Hale kimyakimya, kumsaidia Lukasi. Safari hii nimeielewa sayansi: kijiji cha kulinganisha hakitakiwi kuwa na mchanga. Na kweli, nimekuta nyumba tatu zimeshaweka ndoo zao, watu wenye akili sana. Nimewaomba wamwage mchanga wote, wakae bila huo hadi Jumatatu jioni. Wamekubali. Nimerudi na samaki wa mtoni, wawili, wanono.