Mguu wa Kushoto wa Mheshimiwa Tumbo

Wakiona maandamano, wengine hukimbia na wengine hujiunga. Asali alinunua karanga, akaegemea nguzo, akaanza kutafuta riziki yake iko upande gani.

Jina la Asali hakupewa na mama yake. Alipewa na watu aliowauzia vitu visivyokuwepo, na walilitamka kwa uchungu. Alikuwa mtanashati, shati limenyooshwa kwa pasi, na miguuni viatu vyeupe pee ambavyo mji mzima ulivijua.

Kilichopita mbele yake asubuhi hiyo kilikuwa sanamu la Meya, limeshonwa kwa magunia na magodoro makuukuu. Tumbo lilitangulia, kichwa kikafuata baadaye. Wabebaji wanne walijificha ndani, wawili wa miguu na wawili wa tumbo, nyayo zao tu zikionekana chini ya joho. Nyuma yao wanawake wa sokoni waliimba:

*Mheshimiwa kashiba, kameza bomba letu,*
*Cheua, baba, cheua, tupate maji yetu!*

Kila wakifika kwenye "cheua", tarumbeta lilitoa mlio ambao mtoto mwenye adabu hautaji, na tumbo likatema maji. Barabara nzima ilikuwa hoi. Askari mmoja aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, akawa anausoma kwa makini ingawa haukuandikwa kitu.

Kisa chenyewe hakikuchekesha. Meya alikuwa amefunga bomba la soko "kwa matengenezo", na tangu hapo wauza samaki walibeba maji kichwani kutoka ng'ambo ya reli. Samaki walikuwa wanawaozea mezani. Kiongozi wao, Mama Samaki, alikwenda manispaa kulalamika mpaka walinzi wakamzoea, na kila safari aliishia getini.

Hayo Asali hakuyasikia. Alichosikia yeye ni kwamba mkubwa anachekwa, na mkubwa anayechekwa hajui kupatana bei. Alasiri ileile alikuwa amekaa ofisini kwa Meya, mguu juu ya mguu.

"Mheshimiwa, ukiwapiga wataimba. Ukiwafunga wataimba hukohuko ndani. Sanaa haipigwi rungu. Sanaa inaalikwa."

"Inaalikwa wapi?"

"Hapa kwako. Walilete sanamu lao wenyewe, wakukabidhi, wakuombe radhi mbele ya wageni wako wa makao makuu. Nawe uwasamehe. Mkubwa anayesamehe hutoka vizuri sana kwenye picha."

Meya alitazama juu kidogo, kama anayepigwa picha hiyo tayari. "Na wewe unataka nini?"

"Mimi mtumishi tu, Mheshimiwa. Ila kuna kile kibanda kitupu pembeni mwa soko, chenye mlango wa chuma."

Hapa tuwe waungwana, maana hata tapeli ana moyo. Tangu ujana wake Asali alikuwa amelala vyumba vya watu, na kodi ikifika alitorokea dirishani. Alitamani mlango wake mwenyewe, aufunge kwa ndani, alale asimsikie mtu anagonga. Meya alipotikisa kichwa kukubali, Asali aliteremsha mguu, akampa mkono.

Kesho yake akaenda sokoni. Mama Samaki alikuwa anafukuza nzi, na jirani yake, fundi cherehani aliyelishona sanamu, alikuwa analirudishia sikio.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Leo unauza nini?"

"Siuzi. Nimewaletea heshima." Akawaeleza kwamba wageni wa makao makuu ni wapenzi wa sanaa, wamelisikia sanamu, wanataka kulitazama palepale manispaa. "Na Mheshimiwa mwenyewe amekubali. Yule bwana anapenda utani, basi tu hamjamzoea."

Mama Samaki alimtazama fundi. Fundi aliitazama sindano.

"Na getini je?" akauliza Mama Samaki.

"Lile geti ni langu, mama. Nikisema fungua, linafunguka."

"Sawa. Lakini sanamu hili halibebwi kimya. Bila ngoma wabebaji wanapishana hatua. Tulijaribu siku moja, likaangukia duka la vyombo."

"Ngoma iende."

"Na mpiga ngoma wetu hapigi bila waimbaji. Anapotea."

"Waende na waimbaji."

"Na tumbo lijazwe maji, likiwa tupu linakunjamana. Wageni wataona tumewadharau."

"Lijazwe, mama, lijazwe!" Asali alijisikia karimu; neno la radhi angelichomeka wakishafika ngazini. Maskini, alidhani anapatana bei, kumbe anapimiwa sanda.

Siku ikafika. Walipokaribia geti la manispaa, fundi akaja mbio. Mbebaji wa mguu wa kushoto ameshikwa na tumbo la kuhara.

"Kimo chake ni chako, mwanangu," alisema Mama Samaki. "Ni kutoka hapa mpaka pale tu. Au turudi nyumbani?"

Asali aliwaza mlango wa chuma. Akawaambia walinzi kwamba hawa ni wageni wa Mheshimiwa, geti likafunguka wazi, naye akainama, akaingia guniani. Ndani kulikuwa na giza, jasho na harufu ya samaki.

Meya alisimama ngazini, mikono ameitandaza kusamehe. Kando yake aliketi mgeni mkubwa, mama mmoja mwenye miwani, mkaguzi wa maji. Ngoma ikalia.

*Mheshimiwa kashiba, kameza bomba letu!*

"Radhi!" Asali alipiga kelele gizani. "Ombeni radhi!" Lakini tarumbeta lilikuwa sikioni mwake. Akajaribu kuchomoka. Mguu wa kulia ulikuwa wa muuza mkaa, na muuza mkaa alishamkamata mkanda.

"Kanyaga, kaka, utatuangusha."

Asali akakanyaga. Tena, japo ni aibu kulisema, alikanyaga vizuri.

Sanamu likacheua, maji yakaruka hadi ngazini. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaacha kucheka.

"Bomba limefungwa?"

"Matengenezo tu," alisema Meya.

"Na haya maua yako yananyweshwa na nini?" Mpira wa bustani ulikuwa unamwaga maji hapohapo, wala hauna habari. "Lifunguliwe leo. Nitakwenda kunawa hapo mwenyewe."

Meya aliinamisha kichwa, na macho yake yakatua chini ya joho. Kulikuwa na ndara, ndara, ndara, na viatu vyeupe pee.

"Asali?"

Mguu wa kushoto ukajificha nyuma ya ule wa kulia.

Alasiri bomba la soko lilikohoa, likatema kutu, kisha maji. Vigelegele vikapanda. Asali alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, viatu vyake vimeingia magamba. Ng'ambo aliyaona makufuli mawili mapya kwenye kibanda chenye mlango wa chuma. Karibu yake mgonjwa wa tumbo alikuwa anamaliza sahani ya pili.

"Mama, mlijua tangu mwanzo."

"Mwanangu, nani asiyekujua? Tulimwomba Mungu mtu wa kutufungulia lile geti. Wema wote walishindwa. Akatuletea wewe."

"Nimekosa mlango wangu," alisema Asali. Ilimtoka hivyo hivyo, bila ufundi wowote, na yeye mwenyewe akashangaa.

Mama Samaki hakucheka. Alikinga maji, akamsogezea beseni. "Nawa uso. Kuna chumba nyuma ya cherehani, mlango wake mbao, lakini unafungika kwa ndani. Jumamosi tunakwenda kwa mkuu wa barabara, na sanamu halina mguu."

Asali alinawa taratibu, akajifuta kwa shati lake la pasi.

"Huko getini," akauliza, "anakaa nani?"